Je, Kuficha Mvi ni Kusema Uongo?

Swali tunalotaka kulijadili katika kurasa hizi huenda likaonekana dogo machoni pa wasomaji waliozoea kukuta humu mambo ya sarufi, ya ushairi na ya mitihani. Swali lenyewe ni hili: mtu aliyeota mvi, akazipaka rangi ili zisionekane, je, amesema uongo? Na kama amesema uongo, amemwambia nani? Tumelichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba swali hili lahusu maneno, na maneno ndiyo kazi yetu. Ya pili ni kwamba sisi wenyewe tumekosa katika jambo hili, tena mbele ya watu, na haifai mwalimu akosee mbele ya watu kisha ajirekebishe chumbani peke yake.

Yafaa tuanze na neno lenyewe. Mvi ni miongoni mwa maneno ya kale tuliyorithi pamoja na ndugu zetu wengine wa Kibantu. Mnyarwanda na Mrundi husema imvi, Mganda husema envi, na ukishuka mpaka Malawi utamsikia Mchewa naye akisema imvi. Waarabu nao walituachia neno shaibu, ambalo kwa asili humtaja mtu mwenye mvi, ingawa sisi twalitumia kwa mkongwe yeyote, na pengine kwa dharau kidogo. Tena Kiswahili husema kwamba mtu huota mvi, kama vile shamba liotavyo majani au mtoto aotavyo meno. Hatusemi kwamba nywele zake zimeharibika, wala kwamba zimepungukiwa na kitu. Anayezungumza hivyo ni mwenye duka, na habari zake zinakuja.

Miezi kadhaa iliyopita tuliingia katika duka moja la vipodozi mjini Kampala tukanunua chupa mbili: moja ya shampuu ya kuosha nywele zenye mvi, nyingine ya kondishona, yaani yale mafuta laini yanayopakwa baada ya kuosha na kusuuzwa kwa maji. Zote mbili ziliahidi rangi. Bei yake hatutaitaja, kwa kuwa mama watoto husoma taarifa hii, lakini ingetosha kununua unga, maharagwe na sukari ya nyumba nzima kwa majuma mawili. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Chupa zile zilikuwa zimejitembeza kutoka Ulaya mpaka barabara zetu, nasi hatukuwakumbuka wahenga mpaka tulipofika nyumbani.

Tulizitumia kama ilivyoagizwa. Juma la kwanza taulo ilipata rangi, foronya ikapata rangi, na ncha za masikio zikapata rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Mvi nazo, hatuna budi kusema kweli, zilififia kidogo zikawa za hudhurungi, mpaka tulipoosha kichwa kwa sabuni ya kawaida mara tatu nne, zikarudi kama zilivyokuwa. Kisha tulikwenda kwa kinyozi, naye akaikata rangi yote iliyobaki akaifagia. Unywele hurefuka kiasi cha sentimita moja kwa mwezi, na mwanamume anyoaye kila baada ya majuma mawili au matatu hana muda wa kuifaidi rangi yoyote. Hili tungeweza kulipigia hesabu kabla ya kutoa fedha.

Sababu ya kufifia huko si siri. Chini ya ngozi, kwenye shina la kila unywele, mna chembe zinazotengeneza rangi iitwayo melanini na kuitia katika unywele unapoumbwa. Miaka ikipita chembe hizo hupungua, hatimaye hukoma kabisa, na unywele unaoota baada ya hapo hutoka mtupu. Unywele uliokwisha kutoka nje ya ngozi hauna uhai, na hakuna povu wala mafuta yawezayo kuufanya ujitengenezee rangi upya. Liwezekanalo ni kuupaka tu. Rangi za kudumu huyafumbua magamba ya unywele zikaingia ndani na kukazana huko. Rangi ya shampuu haifiki ndani: hushika juu juu, na kila maji yapitayo huondoka na sehemu yake. Iko pia shampuu ya zambarau, ambayo haifichi mvi hata kidogo bali huzitakasa, kwa kuwa zambarau huiua rangi ya manjano iliyoingia katika nywele nyeupe. Hiyo hatuna ugomvi nayo.

Ugomvi wetu ulianza tulipozisoma zile lebo kwa utulivu. Zimeandikwa Kiingereza, nasi kwa mazoea ya kazi tukajaribu kuzifasiri. Vitenzi vyake vilikuwa vitatu: kurudisha, kuamsha na kufufua. Msomaji aliyefundisha kauli za vitenzi ataona mara moja mahali penye hila. Tunaposema kurudisha, aghalabu twamaanisha kwamba kipo kitu kilichokwenda nacho chaweza kurudi. Tunaposema kuamsha, yupo aliyelala. Katika chupa ile hapakuwa na kitu kilicholala. Kitenzi kilicho sawa kilikuwa kupaka, au kufunika, nacho hakikuandikwa popote. Kwa hiyo kama upo uongo katika biashara hii ya mvi, tunaamini kwamba mahali pake pa kwanza ni hapo, katika kitenzi, kabla haujafika kichwani mwa mtu.

Na biashara yenyewe ilizaliwa na tabia hiyo. Mwaka 1907 mkemia wa Kifaransa, Eugène Schueller, alitengeneza rangi ya nywele mjini Paris, na mwaka 1909 akaanzisha kampuni ambayo baadaye ilikuja kujulikana ulimwenguni kwa jina la L'Oréal. Jina lake la kwanza lilikuwa refu zaidi, na maana yake ni Kampuni ya Kifaransa ya Rangi za Nywele Zisizodhuru. Muuzaji asiyeulizwa juu ya madhara akaanza yeye mwenyewe kuyakanusha kwenye jina la duka! Huko Marekani nako, mwaka 1956, kampuni ya Clairol ilileta rangi ambayo mwanamke aliweza kujipaka nyumbani, na mwandishi wa matangazo aitwaye Shirley Polykoff akaitungia tangazo lililouliza kama mwanamke huyu hupaka au hapaki, kisha likajibu kwamba ajuaye kwa hakika ni mtengeneza nywele wake tu. Tangazo hilo lilivuma sana. Bidhaa iliyouzwa ilikuwa rangi, lakini iliyosifiwa ilikuwa siri.

Sasa tuje kwa kosa letu.

Tunaye mwalimu mwenzetu, mama wa makamo, afundishaye Kiswahili katika shule moja isiyo ya serikali. Sisi sote humwita Madamu, kama ilivyo desturi ya shule za Uganda. Baada ya likizo moja alikuja kwenye mkutano wetu wa walimu akiwa na nywele nyeusi tii, ilhali muhula uliotangulia tulikuwa tumeziona mvi zake. Nasi tukasema kwa sauti, mbele ya watu wapatao kumi: "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Watu walicheka. Yeye naye alicheka, kwa namna mtu anavyocheka akiwa hana la kufanya.

Haya yalitukia kabla hatujanunua chupa zetu. Tulipokwisha kuzinunua tukajiona wanafiki, tukamwendea ili tumweleze. Alitusikiliza, kisha akatueleza yake. Mkataba wake hufanywa upya kila mwaka. Mwaka mvi zilipoanza kuonekana, wanafunzi walianza kumwita Jajja, neno ambalo kwa Kiganda ni babu au bibi, nalo ni la heshima nyumbani lakini darasani liliambatana na vicheko. Kisha darasa lake la watahiniwa likakabidhiwa kijana, naye akaambiwa kwa upole kwamba sasa apumzike kidogo, kwani wazazi wanaolipa karo wanapenda kuona walimu wenye nguvu. Likizo iliyofuata akapaka rangi. "Mwalimu," alituambia, "mimi sikununua ujana. Nilinunua muhula."

Tulirudi nyumbani tukajiuliza: sisi tulipoota mvi tulitendewaje? Tuliitwa Mzee. Tulipewa kiti. Katika vikao maoni yetu, ambayo hayakuwa yameongezeka ubora hata chembe, yalianza kusikilizwa mpaka mwisho. Mvi zile zile, umri ule ule, kazi ile ile. Mwandishi wa Marekani Susan Sontag alikwisha kuandika juu ya jambo hili mwaka 1972, akieleza jinsi jamii inavyompimia mwanamume uzee kwa kipimo kimoja na mwanamke kwa kingine. Tulikuwa tumeisoma makala hiyo ujanani tukadhani inawahusu Wamarekani.

Turudi basi kwenye swali letu, maana huruma peke yake si hoja. Je, Madamu alisema uongo?

Uongo, kwa maana yake ya kawaida, ni kauli. Mwanafalsafa Kant, ambaye hakuwa na mzaha katika jambo hili, aliandika mwaka 1797 kwamba haifai kumdanganya hata muuaji anayemtafuta rafiki yako. Lakini naye alikuwa akizungumza juu ya tamko, mtu anapofungua kinywa na kusema kwamba jambo liko hivi. Nywele hazina kiima wala kiarifu. Mwenye nywele nyeusi hajasema "Nina miaka thelathini", kama vile mwenye kofia hajasema kwamba hana upara. Ni kweli kwamba mtu aweza kudanganya pasipo kusema, kwa kitendo au kwa kunyamaza. Lakini ili kunyamaza kuwe udanganyifu lazima awepo anayestahili kuambiwa. Huo ndio moyo wa swali letu, na juu ya hilo wazee wa zamani walifikiri kwa makini kuliko watengenezaji wa chupa.

Katika Uislamu imepokewa kwamba siku Makka ilipofunguliwa, mwaka 630, baba yake Abubakar aliletwa mbele ya Mtume, kichwa na ndevu zake zikiwa nyeupe kabisa, na Mtume akaamuru zibadilishwe kwa rangi, ila weusi uepukwe. Abubakar mwenyewe alitumia hina. Kwa hiyo kubadili mvi hakukukatazwa. Palipozuka majadiliano marefu kati ya wanazuoni ni kwenye weusi, nao hawakuafikiana mpaka leo. Sababu mojawapo iliyotajwa ni udanganyifu, kama vile wa mchumba. Na katika vitabu vya fiqhi ya Shafii, madhehebu ya Waislamu walio wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, iko hukumu ambayo leo yatutia uchungu kuisoma: muuzaji akizitia weusi nywele za mtumwa ili aonekane kijana, mnunuzi ana haki ya kumrudisha.

Tuiweke kando kwa dakika moja karaha ya utumwa wenyewe, tuitazame hoja. Udanganyifu pale ni wa muuzaji. Aliuza umri, maana nguvu za mwili ndizo zilizokuwa zikinunuliwa, na mvi zilikuwa habari ya bidhaa. Mnunuzi alilipia kitu akapewa kingine. Sasa tulinganishe. Shule inapomwajiri Madamu inanunua nini? Inanunua ujuzi wake wa ngeli, subira yake kwa mtoto asiyeweza kutofautisha alikuja na alikujia, na miaka ishirini aliyokwisha kusahihisha insha. Katika hayo rangi haikupunguza kitu. Ikiwa mwajiri atalalamika kwamba amedanganywa, basi hana budi kukiri kwamba alikuwa akinunua ujana wa mwalimu, na huo haukuwa umewekwa sokoni. Haki ya kuambiwa kweli haimfikii mtu aliyekusudia kuitumia kweli hiyo kwa dhuluma.

Ipo hoja moja iliyo kinyume na hii, nayo hatukuweza kuipangua yote. Mwalimu mmoja kijana alituambia: kama kila mwanamke aotaye mvi atazifunika, basi yule asiyezifunika atabaki peke yake, na mvi zake zitaonekana ni uzembe. Kila anayejiokoa kwa rangi humwongezea mzigo anayefuata. Ni kweli. Mithali za Biblia zinazihesabu mvi kuwa taji, na Sheria ya Musa yaagiza watu wasimame mbele ya mwenye mvi. Taji ambalo kila mtu amelificha chini ya kitambaa watoto watalijuaje? Tulimjibu kijana yule kwamba mzigo huo ni wa haki kuubeba, lakini aanze kuubeba asiyepoteza kitu. Wanaume wenye mvi ndio waliokaa vitini. Wao ndio wangesema neno katika vikao vinavyogawa madarasa. Sisi tulikuwa katika vikao vya namna hiyo. Hatukusema neno. Tulisema methali.

Na chupa zetu? Hapa kesi ni nyingine kabisa, tena ni mbaya zaidi. Hatukuwa na mkataba wa kuogopea wala mwanafunzi aliyetucheka. Asubuhi moja tulijiangalia katika kioo chenye mwanga wa dirishani tukamwona marehemu baba yetu. Mvi zilikuwa zimempanda masikioni namna ile ile, nasi tulizikumbuka kwa sababu katika mwaka wake wa mwisho tulikuwa tukimnyoa wenyewe, kitandani. Siku ile ile jioni tukaingia dukani. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, walisema wahenga. Na siku ile zetu zote mbili zilikuwa zimetuacha. Methali nyingine yasema la kuvunda halina ubani. Tulikuwa tumemhukumu mama mmoja kwa kuwaficha wengine umri ambao hawakuwa na haki ya kuuuliza, kisha sisi tukatoa fedha nyingi ili tujifiche wenyewe jambo ambalo tulikuwa na wajibu wa kulijua. Kama kuna uongo usio na kitenzi, usio na lebo, ambao asemaye na aambiwaye ni mtu mmoja, basi tuliununua kwa bei ya unga na maharagwe.

Mwanzoni mwa muhula tulimwomba Madamu radhi mbele ya walimu wale wale. Alipokea kwa neno moja, "Yamekwisha", akaendelea kupanga karatasi zake. Baadaye alituuliza kama ile chupa ya pili imekwisha. Tulimwambia bado, tukampelekea. Aliisoma lebo, akacheka kwa vitenzi vyake, akatuuliza bei, kisha akaturudishia. Alisema rangi isiyofika Ijumaa haimfai. Yeye hutumia ule unga mweusi wa paketi ndogo, jamaa ya piko wanayochorea maharusi wa pwani, ambao unagharimu kidogo na hudumu.

Tulimwuliza kama huujaribu kwanza kwa tone moja nyuma ya sikio na kungoja siku mbili, maana katika rangi nyeusi za namna hiyo aghalabu mna kemikali iitwayo kwa ufupi PPD, ambayo huwaunguza watu wengine ngozi na kuwavimbisha uso, tena aliyekwisha kuikataa mara moja huweza kuikataa kwa ukali zaidi mara inayofuata. Alisema hana haja ya kujaribu, kwani anajua: kila akipaka, kichwa humwasha siku mbili, na safari iliyopita kope zilimvimba kidogo. Tulimsihi aache. Alituambia mkataba wake unakwisha Desemba.